Siku ya ushauri wa kisheria bure: majina kwanza, kisa baadaye

Ofisi ya mawakili inayotaka kujitolea inaweza kupanda miti au kufagia soko, na hakuna ubaya. Lakini ufagio kila mtu anao. Kusoma hati ya madai na kugundua kwamba muda wa kujibu unaisha kesho kutwa, hapo anahitajika wakili.

Siku ya ushauri huharibikia mapokezini. Foleni ikirefuka, karani huacha kuuliza jina la upande wa pili. Kabla mtu hajaanza kueleza shida yake, yaandikwe majina: lake, la anayegombana naye, na la kampuni yoyote inayohusika, kisha yalinganishwe na orodha ya wateja wa ofisi. Akija mpangaji anayefukuzwa, mwenye nyumba wake huenda ni mteja wenu. Wakili akishasikia siri za mpangaji, anaweza kulazimika kujitoa pande zote mbili.

Karani aulize pia: karatasi hii uliipokea lini? Muda wa kukata rufaa au kuwasilisha utetezi hausubiri zamu, kwa hiyo mwenye tarehe ya karibu atangulizwe hata kama amefika wa mwisho. Wengine watanung'unika, waelezwe sababu.

Mawakili 4 wakikaa saa 4, dakika 30 kwa kila mtu, hesabu inatoa watu 32. Gawa namba 24 tu. Wenye mirathi huja na mfuko mzima wa karatasi, na kuzipanga peke yake hula nusu saa. Hati halisi zisibaki ofisini: piga nakala, rudisha palepale. Ndugu wa mhusika asiwe mkalimani, hasa penye mirathi au ndoa, maana naye anaweza kuwa na fungu lake humo.

Kosa baya zaidi huonekana miezi kadhaa baadaye. Mtu alirudi nyumbani akiamini ana wakili, akatulia, hukumu ikatolewa ya upande mmoja, bila yeye kusikilizwa. Dawa yake ni nusu ukurasa uliosainiwa na wakili na aliyeshauriwa: ameshauriwa nini, afanye nini, kabla ya tarehe ipi, na kama ofisi imechukua shauri lake au haikulichukua. Ikiwa imelichukua, iandikwe hadi hatua gani, na nani atalipa ada za mahakama, kwani ushauri wa bure hauzifuti ada hizo.

Ndani ya ofisi, hakikisheni bima ya taaluma, ile inayofidia makosa ya wakili kazini, inagusa pia kazi isiyolipwa. Saa za kujitolea nazo zihesabiwe katika tathmini ya wakili. Chama cha Mawakili cha Marekani kinahimiza walau saa 50 kwa mwaka. Zisipohesabiwa, jalada la bure ndilo la kwanza kuwekwa kando kazi ya malipo inapobana. Kila jalada lipewe wakili mwandamizi anayelikagua kila mwezi, na likifungwa, mteja aandikiwe barua.