Hashimoto ni ugonjwa gani?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ipo tezi yenye umbo la kipepeo: thairoidi. Homoni zake ndizo zinazopanga mwili uende kasi gani, moyo udunde vipi na chakula kikae tumboni muda gani.

Kazi ya kinga ya mwili ni kupambana na vijidudu. Kwenye Hashimoto, kinga hiyo huiona tezi kuwa ni adui, ikaitafuna taratibu kwa miaka hadi homoni zake zikapungua. Jina ni la Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1912 kutokana na tezi za wanawake wanne. Hadi leo wanawake ndio wanaoupata zaidi. (Usiuchanganye na ugonjwa wa Graves: huko kinga huichochea tezi mpaka ikazidisha homoni, mtu akakonda na moyo ukaenda mbio.)

Dalili za Hashimoto ni za kusingiziwa kazi nyingi au umri: uchovu usioisha hata ukilala, ngozi kavu, choo kigumu, hedhi nzito, kusikia baridi wenzako wakijipepea.

Kinachowachanganya wengi ni majibu ya maabara. Karatasi inasema TSH (homoni ya kuichochea thairoidi) imepanda, daktari anasema tezi imelegea. Vyote ni kweli. TSH haitoki kwenye thairoidi; hutoka kwenye pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita thairoidi. Isipoitikiwa, hupaza sauti.

Levothairoksini, kidonge anachopewa mgonjwa, ni homoni ile ile iliyopungua. Haiitulizi kinga inayoishambulia tezi. Inaziba pengo tu. Humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kifungua kinywa, na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa 4. Hufanya kazi polepole, ndiyo maana kipimo cha TSH hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, si kesho kutwa. Wapo wanaoacha dawa kwa kuwa wamepata nafuu, ilhali nafuu yenyewe imeletwa na dawa.

Ukishika mimba, mwone daktari mapema, maana dozi kwa kawaida huhitaji kuongezwa. Na usijinunulie vidonge vya madini joto ukidhani unaisaidia tezi: yakizidi, huweza kuidhoofisha zaidi.