Omar Yaghi na fuwele zinazonasa hewa ya ukaa

Kunasa hewa ya ukaa, ambayo kwa jina la kikemia ni kaboni dioksaidi, ni kazi inayowezekana kwa njia nyingi. Ugumu hujitokeza mkemia anapotaka kuiachilia gesi hiyo kwa joto dogo, bila kukiharibu kile kilichoinasa, kisha arudie kazi hiyohiyo maelfu ya mara. Njia iliyozoeleka viwandani, ambayo hataza yake ni ya mwaka 1930, hupitisha gesi katika maji yenye amini, yaani kampaundi za nitrojeni zinazoungana upesi na hewa ya ukaa. Ili kuitenganisha tena, mchanganyiko wote hupashwa moto hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya joto hilo hupotea katika kuyachemsha maji ambayo hayakunasa chochote. Hasara hiyo ndiyo iliyowaelekeza watafiti kwenye vitu vikavu vyenye vitundu vidogo mno, na miongoni mwao hakuna aliyeupanua uwanja huo kuliko Omar Yaghi.

Yaghi alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, akahamia Marekani akiwa na umri wa miaka 15 na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1990. Inafaa kusisitiza kwamba hakuanza na tatizo la tabianchi. Swali lake lilikuwa la msingi zaidi: je, fuwele inaweza kujengwa kwa mpango, kama fundi anavyounganisha nguzo na maungio ya jukwaa, badala ya kuchanganya kemikali na kupokea umbo lolote litakalojitokeza? Mwaka 1999 kundi lake lilichapisha fuwele iliyoitwa MOF-5 (MOF ni kifupi cha Kiingereza cha muundo wa metali na kampaundi za kaboni), ambayo maungio yake ni vishada vya zinki na oksijeni, na nguzo zake zinatokana na asidi ya tereftaliki, malighafi ileile ya plastiki ya chupa za maji. Sehemu kubwa ya ndani yake ni uwazi, na gramu moja ilipimwa kuwa na eneo la ndani la takriban mita za mraba 2,900.

Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025, pamoja na Richard Robson wa Melbourne, aliyejenga miundo ya awali ya aina hii mwaka 1989, na Susumu Kitagawa wa Kyoto, aliyeonyesha kwamba gesi inaweza kuingia na kutoka ndani yake bila muundo kubomoka.

Eneo kubwa, hata hivyo, halitoshi. MOF-5 huharibiwa na unyevu, na moshi wa kiwandani haukosi mvuke. Kundi la Yaghi lilitengeneza pia miundo mingine, ikiwamo ile ya mwaka 2005 isiyo na metali kabisa, iitwayo COF, ambayo atomu zake hushikiliwa na muungano wa kovalenti pekee, yaani kwa kushirikiana elektroni. Nchini Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary walitengeneza CALF-20, fuwele ya zinki inayostahimili mvuke na kuivuta hewa ya ukaa kwa nguvu ya wastani, kiasi kwamba kuiachilia hakudai joto jingi. Imefanyiwa majaribio kwenye moshi wa saruji, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye uhitaji wa kweli, kwa kuwa zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa ya saruji hutoka katika mawe ya chokaa yanayochomwa na ingeendelea kutoka hata kama tanuri lingewashwa kwa umeme wa jua.

Kunasa gesi hiyo katika hewa ya kawaida ni kazi ngumu zaidi. Katika moshi wa makaa ya mawe hewa ya ukaa hufikia asilimia 10 hadi 15, ilhali katika angahewa ni molekuli moja tu kati ya takriban 2,400. Mwaka 2024 kundi la Yaghi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilichapisha COF-999, unga wa jamii ileile isiyo na metali, ambamo amini zimefungwa ndani ya vitundu kwa muungano imara, pasipo maji ya kuchemsha. Ilijaribiwa kwa hewa ya nje ya Berkeley kwa mizunguko 100, na uwezo wake haukupungua; gesi iliachiliwa kwa nyuzi 60 tu. Watafiti walikadiria kwamba gramu 200 zinaweza kunasa kilo 20 kwa mwaka, sawa na mti mkubwa.

Tunaulizwa mara nyingi kama unga huu utaondoa ulazima wa kupunguza uchomaji wa mafuta na makaa. Hautauondoa, kwa sababu dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 za hewa ya ukaa kila mwaka kutokana na nishati hizo, na gesi iliyonaswa bado inahitaji mahali pa kudumu ardhini au kiwanda cha kuitumia. Manufaa ya nyuzi 60 ni kwamba joto la kiwango hicho hupatikana kama mabaki katika viwanda vingi, na kwa hiyo kazi kubwa iliyobaki ni kuutengeneza unga huo kwa tani, katika umbo linaloruhusu hewa kupita kwa urahisi bila mashine za kuisukuma kumeza nishati iliyookolewa.