Pole kwanza, fomu baadaye: muuguzi wa dharura na manusura wa ukatili

Nawafundisha wauguzi wa mapokezi ya dharura hapa Tanzania. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Muuguzi ameshasomea kazi yake. Mafunzo ya ziada ya nini?

Kushona kidonda anajua. Kinachompiga chenga ni dakika tano za mwanzo. Mama ameletwa mkono umevunjika, anasema kateleza bafuni, na kila akiulizwa, mume ndiye anayejibu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Basi huyo wa bafuni si mgeni kwetu.

Ataulizaje bila kuonekana anaingilia ndoa ya watu?

Kwanza wabaki wawili. "Baba, utusubiri nje kidogo, tunampima." Hilo ni jambo la kawaida hospitalini, halimshtui mtu. Kisha: "Pole, dada. Wapo wanaokuja na majeraha kama haya kwa kuumizwa na mtu wa nyumbani. Kwako ilikuwaje?" Halafu anyamaze. Kwenye maigizo ya darasani hapo ndipo wengi wanapokwama: kimya kinawatisha, wanakijaza kwa mawaidha au, vibaya zaidi, kwa "ulimfanya nini?" Akikataa kusema, asibanwe. Aambiwe arudi siku yoyote, na ajue atakayemkuta atamwamini.

Akija bila PF3 je?

Atibiwe. Fomu ya polisi ni ya kesi, na matibabu ya dharura hayaisubiri. Aliyebakwa ana saa 72 tu za kuanza PEP, dawa za kuzuia VVU, anazomeza kwa siku 28, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafaa ndani ya saa 120, navyo ni bora mapema. Kumrudisha kituoni akafuate karatasi ni kumla saa zake. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono kazi ni nyepesi, maana daktari, ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto anawapata mahali pamoja.

Ushahidi unatunzwaje?

Kwa ridhaa yake, hatua kwa hatua. Akikataa kipimo, matibabu yanaendelea palepale. Kila nguo iwekwe peke yake kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa nailoni unafungia unyevu, nguo inaota ukungu, ushahidi unaharibika. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Na kile kipimo cha vidole viwili cha kutafuta "ubikira" kiachwe kabisa: hakina maana kitabibu, nacho ni kumwumiza mara ya pili. Shirika la Afya Duniani lilitaka kikomeshwe tangu 2018.

Ni jeraha gani linalopitwa zaidi?

Kukabwa koo. Shingo inaweza kuwa safi kabisa, bila hata mchubuko. Msikilize sauti: imekwaruza? Akimeza mate anakunja uso? Vuta kope taratibu uangalie vidoa vyekundu vidogo. Muulize kama alizimia au alijikojolea. Koo linaweza kuvimba saa kadhaa baadaye, na mshipa wa shingo ulioumia unaweza kuleta kiharusi siku nyingine kabisa. Kumpa Panado na kumruhusu ni kosa kubwa. Tena aliyekabwa yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu huyohuyo, kwa hiyo kabla hajatoka aulizwe: usiku huu unalala wapi?

Na watoto, na wanaume?

Wanaume nao hubakwa na kupigwa. Heshima ni ileile. Kwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutoe taarifa, hata ndugu wakisema yataisha kifamilia.

Muuguzi mwenyewe akiwa amepitia hayo?

Wapo, na si wachache. Dada mmoja alitoka katikati ya igizo, nikamkuta ameketi kwenye ngazi, kofia yake ameishika mkononi. Sikumwuliza kitu, nilikaa naye. Tangu siku hiyo, kila mafunzo naanza kwa kusema mlango uko wazi, na mshauri anaketi chumba cha pili asubuhi hadi jioni.