"Mtupe majini, atazoea": dhana potofu kuhusu hofu, kutoka ufukweni Bukavu

Nilikuwa na miaka 8 mjomba aliponisukuma kutoka kwenye mtumbwi, hatua chache tu kutoka nchi kavu upande wa Nguba. Alinitoa mara moja, akacheka, akasema sasa nimezoea. Nilichozoea ni kukimbia maji. Kwa miaka 26 niliishi Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo wenye rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, bila kulowesha goti.

Leo navuka ziwa. Ndiyo maana yananiuma haya ninayosikia wazazi wakiwaambia watoto wao.

"Anayeogopa maji mtupe humohumo, atazoea."

Aliyetupwa hajifunzi kwamba maji hayana neno. Anajifunza kwamba maji ni mabaya na kwamba mkono wa mtu wake wa karibu unaweza kumsukuma. Ni kweli hofu huondoka kwa kuikabili, lakini mwenye hofu ndiye anayepaswa kupiga hatua.

Jambo hili limejulikana zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aitwaye Peter aliyemwogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali, ndani ya kizimba. Kizimba kikasogezwa kidogo kidogo, mpaka mtoto akamshika sungura mwenyewe. Mwaka 1958 Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu kuhusu njia yake: panga unavyoviogopa kama vipandio vya ngazi, anza na cha chini, na usipande kinachofuata kabla hujatulia kwenye hicho ulichosimama.

Ngazi yangu niliiandika kwenye daftari. Kutazama ziwa nikiwa nimesimama ukingoni. Kugusa mawe yaliyolowa. Maji ya vifundoni, ya magotini, ya kiunoni. Kuzamisha uso. Kukaa kwenye mtumbwi uliofungwa. Kuvuka.

Siku ya vifundoni naikumbuka kuliko siku ya kuvuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Juu ya jiwe palikuwa na magamba yaliyokauka ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, yanang'aa kama vipande vya kioo. Mama mmoja alikuwa anafua pembeni. Aliniona nimesimama na viatu mkononi, natetemeka, wala hakuniuliza kitu. Alisogeza beseni lake kidogo ili nipate pa kukanyaga. Niliingia. Povu la sabuni yake likapita katikati ya vidole vyangu.

"Moyo ukidunda hivyo utaanguka ufe."

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma, na ndipo nilipokuwa narudi mimi. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini: moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, pumzi inakuwa fupi. Kwa mwenye afya ya kawaida hali hiyo hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Ukitoka majini ikiwa kileleni, unaondoka na somo kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Ukibaki pale pale mpaka ishuke, mwili unapata somo jingine. Siku ile nilibaki, na miguu ilitulia yule mama akiwa bado anasuuza nguo.

Wanaoogopa damu au sindano wao ni tofauti kidogo. Shinikizo la damu lao linaweza kushuka ghafla wakazimia kweli, kwa hiyo hufundishwa kukaza misuli ya mikono, miguu na tumbo wanapoikabili hofu yao. Mwenye ugonjwa wa moyo aanze kwa daktari.

"Ikwepe tu, itachakaa yenyewe."

Mama mdogo alifariki Goma, ncha ya kaskazini ya ziwa. Meli ya asubuhi ingenifikisha siku hiyo hiyo. Mimi nikapanda gari, Kalehe, Minova, Sake, tukakwama kwenye tope usiku kucha. Nilipofika walikuwa wamekwisha kuzika. Kila nilipokwepa nilipata nafuu ya saa moja, na hofu ikala nafuu hiyo ikanenepa.

"Kushinda hofu ni kudharau ziwa."

Hapana, na hili naomba lisikike. Wapo wanaoogopa kwamba gesi ya Kivu itawavuta chini wakioga. Metani na kaboni dioksidi zimeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, zaidi ya mita 200 chini, zimekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu. Hazimvuti mtu miguu. Lakini mazuku ya upande wa Goma ni ya kweli: hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hata karibu na maji, na imeua watu. Na mashua iliyojaa kupita kiasi ni hatari ya kweli. Oktoba 2024 chombo kilichotoka Minova kilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa nchi kavu wakishuhudia. Nikikuta chombo kimejaa, au jaketi za kuokolea hazitoshi, sipandi, na hiyo siiiti hofu.

"Ukishashinda, umemaliza."

Kumbukumbu ya zamani haifutiki. Somo jipya huwekwa juu yake. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliliona kwa mbwa wake: tabia iliyokwisha kuzimwa hurudi baada ya mapumziko. Nami mvua zilipokuwa nyingi niliacha ziwa miezi mitatu, na niliporudi tumbo lilikaza kama zamani. Nikarudi kwenye jiwe lile lile, nikaanza na vifundo. Mara ya kwanza, kutoka vifundoni mpaka kiunoni ilinichukua wiki tatu. Safari hii ilinichukua nusu saa.