Mazoea ya kuushughulisha mwili baada ya upasuaji wa kupunguza uzito ni nini?

Ni mwendo wote wa kila siku wa mtu aliyepunguzwa mfuko wa chakula: anavyotembea, anavyopanda ngazi, anavyofua, anavyoinua vitu, hata saa anazoshinda amekaa. Kwenda gym ni sehemu tu ya hayo. Puto linalowekwa tumboni, kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, si upasuaji, lakini mengi ya hapa yanamhusu pia aliyewekewa.

Wengi huuliza: uzito unashuka wenyewe, mazoezi ya nini? Kweli, miezi ya mwanzo mtu hupungua kwa sababu anakula kidogo na homoni za njaa zimebadilika. Mazoezi huongezea kidogo sana. Ila yanayopungua si mafuta peke yake. Misuli nayo huondoka, hasa kwa anayekula protini kidogo na kukaa sana. Ikiondoka, hata kuinuka kitini kunakuwa kazi, na mwili unatumia nishati kidogo hata ukiwa umelala, kwa hiyo uzito hupata mwanya wa kurudi miaka inayofuata. Ndiyo maana mimi huwahimiza watu mazoezi ya kuinua vitu, hata chupa za maji, kabla sijawatajia kukimbia.

Si siku za mwanzo, lakini. Aliyetoka kupasuliwa husimamishwa mapema atembee wodini, damu isigande miguuni. Vitu vizito husubiri ruhusa ya daktari, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Baadaye lengo ni lile la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima wote: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kuhema kiasi, na angalau siku 2 za kuimarisha misuli. Maji yanywewe kidogo kidogo kutwa nzima, maana mfuko mdogo haupokei chupa nzima kwa mkupuo. Ukipata kizunguzungu, kutetemeka na jasho, acha, kaa, kisha mweleze daktari wako: huenda sukari imeshuka.

Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa 2010 ulionyesha jambo muhimu. Waliopasuliwa walisema muda wao wa mazoezi umeongezeka karibu mara 5, lakini vifaa vya kupima mwendo walivyovaa havikuonyesha ongezeko. Siamini kwamba walidanganya. Mwili ukiwa mwepesi, mtu huhisi anatembea zaidi. Basi anza kuhesabu hatua kwa simu kabla ya kupasuliwa, upate namba ya kulinganishia.