Uraia wa tajnisi Tanzania: dhana za mtaani na matakwa ya sheria

Wapo wanaoamini kwamba mgeni akishamaliza miaka 10 Tanzania, uraia wa tajnisi, yaani uraia anaopewa mgeni baada ya kuomba, umekuwa haki yake na kilichobaki ni kwenda kuuchukua. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamtaka mwombaji awe ameishi nchini mfululizo katika miezi 12 inayotangulia maombi yake, na katika miaka 10 iliyo nyuma ya miezi hiyo awe ameishi humu kwa vipindi ambavyo jumla yake haipungui miaka 7. Tuseme mtu anaomba Januari 2025, naye aliishi nchini tangu Januari 2014 hadi Januari 2017, akarudi kwao miaka 2, kisha akaja tena Januari 2019 na hajaondoka. Hadi Januari 2024 ana miaka 8, na miezi 12 ya mwisho nayo ameitimiza. Huko kuondoka kwake, ambako wengi wangedhani kumemharibia, hakumzuii.

Hesabu hiyo peke yake haitoshi. Mwombaji awe na tabia njema, awe anajua vya kutosha Kiswahili au Kiingereza (si lazima vyote viwili), awe na mchango kwa uchumi, sayansi na teknolojia au utamaduni wa taifa, na akusudie kuendelea kuishi nchini. Hata akitimiza yote, mwenye kuamua ni Waziri anayehusika na uraia, ambaye halazimiki kutaja sababu za kukubali wala kukataa.

Kuhusu ndoa, husemwa kwamba ukioa au kuolewa na Mtanzania umeshakuwa raia. Cheti cha ndoa hakimpi mtu uraia. Mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana haki ya kuomba tajnisi wakati wowote mumewe angali hai, lakini ni lazima aombe. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, na hupita njia ileile ya miaka niliyoieleza. Ubaguzi huu, kwa maoni yangu, ulistahili kurekebishwa zamani.

Dhana nyingine ni kwamba pasipoti ya zamani inaweza kubaki kabatini kama akiba. Tanzania haikubali mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, hivyo anayepata tajnisi hutakiwa kuukana uraia wake wa awali na kula kiapo cha utii.

Wanaodai kwamba mkimbizi hawezi kamwe kuwa raia wamesahau Warundi waliokimbilia nchini mwaka 1972: mwaka 2014 zaidi ya 162,000 kati ya wakimbizi hao na vizazi vyao walipewa uraia wa Tanzania.

Mwisho ni wale wanaosema raia wa tajnisi ni sawa na raia wa kuzaliwa katika kila jambo. Anapiga kura kama wengine, lakini urais hawezi kuugombea, kwa kuwa Katiba imeuweka kwa raia wa kuzaliwa pekee.