Sulisuli na zile kilomita 110 zenu

Imerudi tena kwenye makundi ya WhatsApp ya Goma: sulisuli, samaki wa kilomita 110 kwa saa, anayemwacha motari (dereva wa pikipiki) yeyote wa barabara ya Sake. Jamani.

Namba hiyo ilitoka Florida. Samaki kanaswa, mshipi ukatoka mita 91 kwa sekunde 3. Piga hesabu: 109. Lakini kilichopimwa ni mshipi! Mashua ikisogea upande wa pili, mshipi unatoka. Samaki akiruka hewani, unatoka pia. Alipopimwa akiwinda, mbio zake za juu zilikuwa kama mita 8.2 kwa sekunde, yaani kama kilomita 30 kwa saa. Ukipima misuli yake inavyojikunja, hupati zaidi ya 36 hivi. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, kwenye mteremko haiko mbali.

Chenye kasi ni mdomo. Huuingiza polepole katikati ya dagaa, nao hawashtuki, kisha kichwa kinapiga upande mmoja, pa! Hachomi kama mshikaki. Anakwangua magamba na kujeruhi. Kila mmoja ana upande anaoupenda, na vijino vya upande huo vimelika zaidi.

Tanga, lile pezi kubwa la mgongoni, pia si la upepo. Akiogelea hulikunja kwenye mfereji wa mgongoni. Akiwinda hulisimamisha ili mwili usiyumbe. Ni refu kuliko kimo cha mwili wake, hapo ndipo unamtofautisha na marlini, samaki wa jamii yake. Mgongo buluu nzito, ubavuni mistari ya madoa mepesi inayong'aa anaposhambulia. Vitabu vingine vinahesabu aina mbili, ya Atlantiki na ya Hindi na Pasifiki. Vinasaba haviwatengi vizuri. Mimi naegemea moja.

Ziwa Kivu hayupo, ni wa maji ya chumvi. Sambaza wetu, wale dagaa wa ziwani, walale salama. Watamu na Malindi yupo, ila huko wengi humfuata kwa ndoana. Wazamiaji huenda Isla Mujeres, Meksiko, Januari hadi Machi. Nahodha hatafuti samaki, anatafuta ndege wanaojitupa majini, maana chini yao kuna dagaa. Mtungi wa hewa uache: windo linahama na mapovu yanasumbua. Maski, mrija na mapezi marefu ya miguuni vinatosha. Kaa pembeni. Ukiingia katikati, dagaa watajificha nyuma ya mgongo wako, na ile midomo itawafuata hapo hapo.